Cadfael: vita, sheria na sumu nyuma ya mtawa mpelelezi wa karne ya 12

Agosti 1138, Mfalme Stephen wa Uingereza aliiteka ngome ya Shrewsbury, mji ulio karibu na mpaka wa Wales, akaamuru askari walioilinda wanyongwe. Hilo lilitokea kweli na lipo kwenye historia. Alichoongeza mwandishi wa riwaya ni hiki: walionyongwa ni 94, lakini mtawa aliyepewa kazi ya kuwaosha na kuwaandaa kwa mazishi akahesabu maiti 95. Mmoja wao hakuuawa na mfalme. Kuna mtu aliyeua, kisha akamchanganya marehemu wake na waliohukumiwa, akiamini hakuna atakayejisumbua kuhesabu.

Ndivyo inavyoanza tamthilia ya televisheni ya Cadfael, iliyorushwa na ITV ya Uingereza kati ya 1994 na 1998. Ina vipindi 13, kila kimoja kama dakika 75, na Derek Jacobi ndiye Bruda Cadfael, mtawa wa Kibenediktini aliyekuwa askari na baharia kabla ya kuvaa kanzu. Riwaya 20 zilizozaa tamthilia hiyo ziliandikwa na Edith Pargeter kwa jina la kalamu la Ellis Peters. Ujanani alikuwa msaidizi katika duka la dawa mjini Dawley, na utaliona jambo hilo kila Cadfael anapogusa chupa.

Anayeitazama mara ya kwanza kwa kawaida hapotezwi na muuaji. Hupotezwa na mengine: kwa nini huyu akamatwe na yule asikamatwe, kwa nini shamba lisilo na thamani kubwa limwage damu, kwa nini mtawa aombe ruhusa ya kuvuka daraja. Visa hivi hufunguka kwa kujua nani ana mamlaka juu ya nini. Asiyejua hilo ataona mzee mwerevu anayechuma majani, na nusu ya utamu itampita.

Ugomvi wa mirathi uliogeuka vita

Novemba 1120 meli iitwayo White Ship ilizama karibu na Barfleur, pwani ya Normandy, ikaondoka na William, mwana pekee wa ndoa wa Mfalme Henry wa Kwanza. Henry alikuwa na watoto wengi wa nje ya ndoa, ila taji halikuwa lao. Akabaki na binti, Matilda, aliyekuwa ameolewa na Kaisari Henry wa Tano wa Ujerumani; ndiyo sababu wafuasi wake kwenye tamthilia humwita Empress hadi mwisho, ingawa kaisari alikwisha kufa na yeye akaolewa tena Anjou. Mwaka 1127 mfalme aliwaapisha makabaila wake kwamba watamkubali Matilda.

Henry alifariki 1 Desemba 1135. Mpwa wake, Stephen wa Blois, aliwahi kuvuka bahari na kuvikwa taji tarehe 22 mwezi huohuo. Walioapa kwa Matilda wakaapa upya kwa Stephen, wengine ndani ya siku chache.

Shika jambo hili, kwa sababu waigizaji hawatakueleza mara mbili: karibu kila kabaila mwenye mvi kwenye tamthilia hii ameshavunja kiapo kimoja ili ashike kingine. Kwa hiyo kuwa upande wa mfalme hakumfanyi mtu kuwa mwema, wala kuwa upande wa Matilda hakumfanyi kuwa msaliti. Mwandishi amewagawa watu wa heshima na mafisadi pande zote mbili kwa makusudi, na mtazamaji anayesubiri kuambiwa upande upi ni wa haki atasubiri sana.

Matukio makubwa ni machache. Mwaka 1138 Robert wa Gloucester, kaka wa Matilda kwa baba, alimwacha Stephen. Tarehe 2 Februari 1141 Stephen alitekwa vitani Lincoln. Septemba mwaka huo Robert naye akatekwa karibu na Winchester, na Novemba wakabadilishana: mfalme kwa kaka. Desemba 1142 Matilda alitoroka ngome ya Oxford usiku, akipita juu ya theluji. Mkataba wa mwisho ulikuja 1153, na Stephen alipofariki 1154 aliyetawazwa ni mtoto wa Matilda, Henry wa Pili. Bruda Cadfael hafiki huko. Kisa cha mwisho kwa kalenda ya tamthilia kiko mwaka 1145.

Hakuna polisi, hakuna daktari wa maiti

Hapa ndipo penye mengi. Uingereza ya 1138 haikuwa na jeshi la polisi. Aliyekuta maiti au kuibiwa alipiga ukelele, na kila aliyesikia alitakiwa kutoka na kufukuza. Asiyetoka aliweza kutozwa faini. Juu yao alikuwepo sherifu, mtu wa mfalme katika jimbo, ambaye kazi yake kubwa kwa kweli ilikuwa kukusanya mapato, na uhalifu ulimhusu kwa kiasi kikubwa kwa sababu mali ya aliyehukumiwa iliingia hazina. Afisa wa kuchunguza vifo hakuwepo: ofisi hiyo ilianzishwa 1194. Kwa hiyo mtawa mwenye ujuzi wa miili anapoitwa kuitazama maiti, haingilii kazi ya mtu. Kazi hiyo haikuwa na mwenyewe.

Wanormani, yaani watawala waliotoka Normandy na kuiteka Uingereza, walikuwa na kinga yao pia. Maiti ikiokotwa na muuaji asipatikane, ilichukuliwa kuwa ni ya Mnormani hadi wenyeji wathibitishe ni Mwingereza. Wakishindwa, eneo zima hulipa faini. Ukiona wanakijiji wananyamaza au wana haraka ya kumtaja mgeni yeyote apitaye njia, usiwaone wajinga. Wanapiga hesabu.

Na ushahidi? Mshtakiwa mwenye jina zuri alileta watu wa kuapa pamoja naye, mara nyingi 12, kwamba kiapo chake ni safi. Hawakuulizwa waliona nini. Asiye na watu hao, yaani mgeni, mtumwa wa shamba, mwanamuziki wa barabarani, aliweza kupelekwa kwenye jaribio. La chuma lilikwenda hivi: padri anabariki kipande cha chuma chenye uzito wa kama ratili moja, kinapashwa hadi kiwe chekundu, mshtakiwa anakibeba mkononi futi tisa. Mkono unafungwa kitambaa na kutiwa muhuri. Siku ya tatu unafunguliwa. Kidonda kikiwa kinapona vizuri, ameachiwa na Mungu. Kikiwa na usaha, ana hatia. La maji baridi lilikuwa kinyume cha mtu anavyotarajia: anayezama hana kosa, anayeelea ana kosa. Majaribio haya yalikufa baada ya Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa wa 1215, ulipowakataza mapadri kuyabariki.

Wanormani waliongeza pambano. Mtu huru anayemshtaki mwenzake bila ushahidi wa kutosha aliweza kuuweka mwili wake mwenyewe kuwa dhamana, wakapigana, na mshindi akawa mkweli. Kipindi cha kwanza, "One Corpse Too Many", kinaisha hivyo, na wengi huona kama mwisho umechomekwa ili kuwe na panga. Siyo. Kidole kimemwelekea mtu wa mfalme mwenyewe, na kilichopo mkononi ni kito cha manjano kilichomeguka kwenye jambia. Hakuna baraza la wakati ule ambalo lingemhukumu mtu wa daraja lake kwa kijiwe. Hugh Beringar, kabaila kijana ambaye baadaye anakuwa naibu sherifu, anaomba pambano kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kisheria aliyobakiwa nayo, na anaweza kufa huku yeye ndiye mkweli.

Kabla ya hapo Cadfael ameshafanya kazi ya kitaalamu kweli. Kamba ya mti wa kunyongea huacha alama inayopanda: chini ya kidevu, kisha juu nyuma ya sikio, kwa sababu uzito wa mwili huvuta kuelekea chini. Aliyekabwa kwa nyuma kwa uzi au kamba nyembamba hubaki na alama iliyolala sawa kuzunguka shingo, nyembamba na ya kina. Maiti 94 zina ya kwanza, moja ina ya pili. Hata leo mchunguzi wa vifo huanzia hapo.

"The Sanctuary Sparrow" nayo inategemea hifadhi ya kanisani: kijana aliyekimbizwa na umati wa watu waliolewa harusini akishika altare, hakuna wa kumgusa kwa siku 40. Analala humo, analishwa na watawa, na watu wa sherifu wanakaa nje ya mpaka wakimsubiri. Siku zikiisha ajisalimishe ahukumiwe, au aape kuihama nchi. Utaratibu huu uliandikwa kwa ukamilifu zaidi karne ya 13, hivyo mwandishi kauwahisha kidogo, na sioni ubaya: saa inayohesabu kurudi nyuma ndiyo injini ya kisa.

"Monk's-Hood": kisa kimoja kwa undani

Asiyetaka kujua mwisho wa kipindi hiki aruke hadi kichwa kinachofuata.

Mzee Gervase Bonel anataka kuipa abasia, yaani makao ya watawa anakoishi Cadfael, shamba lake la Mallilie. Kwa kurudishiwa, atapewa nyumba langoni mwa abasia, chakula, kinywaji, kuni na huduma hadi kufa kwake na kwa mkewe. Mikataba ya aina hii ilikuwa ya kawaida. Tuseme ni pensheni inayolipwa kwa ardhi. Ila mkataba bila lakiri ya abati, mkuu wa abasia, ni karatasi tu, na Abati Heribert ameitwa London kwenye baraza la mjumbe wa Papa, Desemba 1138. Baraza hilo lilikutana kweli, na kweli lilimvua abati wa Shrewsbury cheo chake. Basi kuna wiki chache ambamo shamba halina mwenyewe aliyekamilika. Katika wiki hizo Bonel anakufa mezani.

Sumu ni mzizi wa akonaiti, mmea wenye maua ya buluu yaliyojikunja mfano wa kofia ya mtawa, ambao Cadfael mwenyewe ameuchanganya na mafuta ya kuchua viungo vya wazee. Dawa hiyo ilitumika hivyo, kwa sababu akonaiti hutia ganzi ngozi. Ikimezwa, ganzi hiyohiyo huanzia midomoni na kwenye ulimi, kisha mate, kutapika, baridi ya mwili, na moyo kupoteza mpigo wake. Kifo huja ndani ya saa chache, wakati mwingine mapema zaidi, na akili hubaki timamu karibu hadi mwisho. Mpaka leo haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hospitali hupambana kuushika moyo tu. Muuaji ameimimina kwenye mchuzi wenye viungo vikali ili ladha isijulikane. Na kosa lake liko kwenye mafuta: chupa hutupwa mtoni kwa sekunde moja, lakini doa la mafuta kwenye kitambaa au mfuko halitoki kwa maji, tena linanuka. Cadfael hatafuti chupa sana. Anatafuta doa.

Kila mtu anamshuku Edwin, mtoto wa kambo, kwa kuwa mkataba ukipigwa lakiri yeye anakosa urithi. Ni hoja safi kwa sheria ya Uingereza. Lakini Mallilie liko mpakani, ndani ya ardhi ya Wales, na sheria za Wales zinazohesabiwa kuwa za Mfalme Hywel Dda zilimtambua mwana wa nje ya ndoa ambaye baba amemkubali: anarithi sawa na wa ndani ya ndoa. Bonel alikuwa na mwana wa namna hiyo, aliyezaa na mwanamke wa Kiwelsh. Mbele ya baraza la Kiingereza hana hata jiwe. Akilipeleka shauri kwenye baraza la Kiwelsh, anawashinda abasia na Edwin kwa pamoja. Anachotakiwa ni baba afe kabla ya lakiri. Cadfael, ambaye ni Mwelsh wa Trefriw, ndiye pekee pale abasiani anayeweza kuliona hilo, na anamzuia barazani kwa sheria hiyohiyo: aliyemuua mtu hamrithi.

Hakuna kipindi kingine kinachofikia kwa ufundi huu, kwa maoni yangu, ingawa "The Rose Rent" kinakaribia. Pale mjane ameiachia abasia nyumba yake kwa kodi ya waridi jeupe moja kwa mwaka, linalotoka kwenye mti ulio bustanini mwa nyumba hiyo, likabidhiwe mkononi mwake tarehe 22 Juni. Kodi za ishara namna hii zilikuwepo. Kazi yake ni kuonyesha nani bado ni mwenye mali. Lakini sharti ni sharti. Waridi lisipofika siku hiyo, mkataba umevunjika na nyumba inarudi. Ndiyo maana mtu anakwenda usiku na shoka kuukatakata mti wa maua.

Maisha ya abasia, na saa za Cadfael

Abasia ya Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, Shrewsbury, ilianzishwa 1083 na Roger de Montgomery. Watawa wake waliishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura 73 za karne ya sita, ileile inayofuatwa na Wabenediktini wa Peramiho, Ndanda na Hanga. Kila asubuhi watawa hukutana kapitula, sehemu ya Kanuni husomwa, makosa huungamwa, kazi hugawiwa. Mambo mengi ya tamthilia hutangazwa kwenye kikao hicho, kwa hiyo usikipite mbele.

Sura ya 66 inataka kila kinachohitajika, maji, kinu, bustani, kiwe ndani ya ukuta ili watawa wasizurure nje. Sura ya 67 inamkataza aliyesafiri kusimulia aliyoyaona huko. Yaani mpelelezi wetu anaishi chini ya sheria inayokataza mambo mawili ambayo kila mpelelezi huyafanya: kutoka, na kusimulia habari za nje. Bustani ya dawa ndiyo inayompa mwanya. Mgonjwa mjini akihitaji maji ya mnanaa au sharubati ya afyuni, Cadfael anatoka kwa ruhusa halali, na akiwa huko macho yake hayafungi. Mzozo wake na Priori Robert, msaidizi wa abati, na Bruda Jerome, mfuasi wa priori huyo, ni mzozo juu ya ruhusa hiyo.

Priori Robert, kwa taarifa yako, alikuwepo. Robert Pennant aliongoza safari ya kuleta masalia ya Mtakatifu Winifrida kutoka Gwytherin, Wales, akaandika maisha ya mtakatifu huyo, na baadaye akawa abati. Abasia isiyo na mtakatifu haikuwa na mahujaji, na isiyo na mahujaji haikuwa na sadaka. Ndiyo biashara iliyo nyuma ya "A Morbid Taste for Bones".

Kuhusu muda, msomaji wa Kiswahili ana bahati. Watawa waliugawa mchana sehemu 12 kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo sala iitwayo Terce ni saa tatu, Sext ni saa sita, None ni saa tisa, bila kugeuza chochote kichwani. Tofauti ni kwamba urefu wa saa ulibadilika. Shrewsbury iko kaskazini sana. Katikati ya Desemba mchana haufiki hata saa nane zetu, hivyo saa moja ya mtawa ilikuwa kama dakika 40. Katikati ya Juni ilizidi 80. Mtu akidai "nilikuwa kanisani kutoka saa tisa mpaka sala ya jioni", wakati wa baridi amejitetea kwa muda mfupi sana. Kengele ndizo zilizokuwa saa ya mji mzima, na mtawa asiyeonekana kwenye nafasi yake kwaya ikianza, ndugu wote wamemwona hayupo.

Baridi ina shida nyingine. Maiti hukakamaa kuanzia taya baada ya saa mbili hadi nne, mwili wote kama saa 12, kisha hulegea ndani ya siku moja hadi moja na nusu. Baridi huirefusha hesabu yote, na barafu huisimamisha. Ndiyo maana katika "The Virgin in the Ice" alama ya kwanza ambayo Cadfael angeisoma, muda wa kifo, haisomeki, naye analazimika kusoma nguo.

Yanayovuruga zaidi ya historia

Hugh Beringar ana sura tatu. Sean Pertwee alimwigiza msimu wa kwanza, Eoin McCarthy wa pili na wa tatu, Anthony Green wa nne. Ni mtu yuleyule. Riwaya inayoeleza alivyopanda kutoka naibu hadi sherifu kamili haikupigwa filamu, kwa hiyo cheo chake kinabadilika bila maelezo.

Milima unayoiona si ya Shropshire. Tamthilia ilipigwa picha Hungary, ambako abasia na mji vilijengwa upya kwa mbao na plasta. Anayefika Shrewsbury leo atakuta kanisa, lakini sehemu kubwa ya majengo ya watawa haipo: barabara ya mhandisi Thomas Telford ilipitishwa juu yake 1836.

Vipindi havikurushwa kwa mpangilio wa miaka. Kwa kalenda ya riwaya, "A Morbid Taste for Bones" ni 1137, kisha "One Corpse Too Many" na "Monk's-Hood" 1138. "St Peter's Fair", "The Leper of St Giles" na "The Virgin in the Ice" 1139. "The Sanctuary Sparrow" na "The Devil's Novice" 1140. "The Pilgrim of Hate" na "The Raven in the Foregate" 1141. "The Rose Rent" 1142. "The Potter's Field" 1143. "The Holy Thief" 1144 kuingia 1145. Mara ya kwanza tazama kwa mpangilio wa kurushwa, la sivyo Hugh atakuwa anabadilika sura kwenda na kurudi. Orodha hii iwe pembeni kukuonyesha nani yuko gerezani na nani yuko kwenye kiti cha enzi.

"The Pilgrim of Hate" ndicho kilichofunga tamthilia, na ndicho kilichobadilishwa mno ukilinganisha na riwaya, aliyeisoma atakasirika. Riwaya ya mwisho kabisa, ya 1994, ambamo Cadfael anapewa ruhusa ya kwenda hadi Coventry na si zaidi, naye anaendelea na safari kumtafuta mwanawe, haikuwahi kufika kwenye skrini.